Maji Meusi ya Zeituni: Bakteria Wapo, Kinachokosekana ni Masharti Yao

Kila msimu wa zeituni unapokaribia katika nchi za Mediterania, wenye vinu vya mafuta huanza kutembelewa na wauza bakteria. Bidhaa hazitofautiani sana: unga au kimiminika chenye vijidudu, mara nyingi mbegu za jamii ya Bacillus, pamoja na maelezo kwamba ukimwaga kwenye bwawa la majitaka ya kinu uchafu utapungua kwa asilimia 80 au 90 ndani ya wiki chache. Ni kweli bakteria husafisha majitaka ya zeituni. Shida ni kwamba kinachouzwa ndicho hasa ambacho bwawa halikosi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kilo 1 ya unga wenye vijidudu bilioni 1 kwa kila gramu ina vijidudu trilioni 1. Ukiutia kwenye bwawa la mita za ujazo 600, kila mililita itapata 1,700 hivi. Maji yenyewe yakikaa siku chache baada ya kutoka kinuni huwa na laki kadhaa hadi mamilioni kwa mililita, tena ni wa aina zilizokwisha kuzoea mazingira hayo. Kama mamilioni hao wameshindwa kazi, hao 1,700 wataishindia wapi? Swali la maana ni kwa nini wenyeji wameshindwa.

Kuhusu ile asilimia 90, ukiletewa karatasi ya majaribio, uliza kwanza kama maji yalizimuliwa kabla ya kuanza. Ni rahisi kuondoa asilimia 90 kwenye maji yaliyozimuliwa mara kumi, lakini mwenye kinu hana mito ya kuzimulia maji yake. Uliza pia sampuli ilichotwa wapi: tope likituama chini na mafuta yakiengama juu, maji ya katikati yataonyesha nafuu kubwa hata kama hakuna kilicholiwa. Halafu uliza kama kulikuwa na pipa la pili la kulinganishia. Jaribio la haki linataka mapipa mawili ya lita 200 yenye maji yaleyale, chokaa ileile, mbolea ileile na hewa ileile, ila moja tu ndilo linatiwa bidhaa. Yafunike mvua isiingie, rudishia kiasi cha maji kinachopotea kwa mvuke, koroga vizuri kabla ya kuchota, na upime baada ya siku 10. Mapipa yote mawili yakishuka sawa, kilichofanya kazi ni chokaa, mbolea na hewa.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Kinu cha awamu tatu, ambacho dikanta yake (mashine ya kutenganisha kwa kuzungusha kwa kasi) huongezewa maji ili kutenga mafuta, majitaka na mashudu, hutoa takriban mita 1 ya ujazo ya majitaka kwa kila tani ya zeituni. Vinu vya zamani vya kushindilia hutoa kama nusu ya hiyo, ila mazito zaidi. Uchafu wake hupimwa kwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza kwa kemikali kila kitu kinachoweza kuungua majini. Maji ya vinu huwa kati ya gramu 40 na 200 kwa lita. Majitaka ya kawaida ya majumbani ni kama nusu gramu. Kwa hiyo mita moja ya ujazo kutoka kinuni ina uzito wa uchafu sawa na mita mia moja au zaidi za majitaka ya mji. Ndiyo maana kinu kimoja kikifungulia maji yake kwenye bomba la mji mdogo, mtambo wa mji huo huzimia kwa siku kadhaa.

Wingi wa uchafu peke yake si tatizo la bakteria, kwani uchafu ndio chakula chao. Tatizo ni mchanganyiko. Maji yana uchachu, pH yake ni kama 5. Yana fenoli, kuanzia gramu chache hadi 10 na zaidi kwa lita: haidroksitirosoli, tirosoli, mabaki ya oleuropeini na molekuli kubwa nyeusi zilizoungana. Hizi ni kinga ambazo zeituni hujitengenezea dhidi ya wadudu na vijidudu, na kwa kuwa huyeyuka vizuri majini kuliko mafutani, sehemu ndogo tu huondoka na mafuta. Kuna pia mafuta yaliyoponyoka dikanta. Tena kuna upungufu mkubwa wa naitrojeni na fosforasi: sukari na asidi tele, lakini hakuna cha kujengea miili ya bakteria.

Mabwawa ya kukaushia ya Hispania yalionyesha haya yote kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilipiga marufuku kumwaga maji ya vinu mitoni, na bonde la Guadalquivir likajaa mabwawa. Mto ulipata nafuu. Bwawani, utando wa mafuta ulifunika uso na kuzuia hewa, chini oksijeni ikaisha mapema, baridi ya Desemba na Januari ikapunguza kasi ya vijidudu, na bila naitrojeni hawakuweza kuongezeka. Kilichobaki ni uchachukaji wa nusunusu unaotoa asidi ya butiriki na gesi za salfa, yaani harufu, huku kazi kubwa ya kupunguza maji ikifanywa na jua la kiangazi. Bakteria hawakukosekana hata siku moja.

Ukitaka wafanye kazi kwa hewa, kanuni ya kawaida ni sehemu 100 za uchafu unaooza, 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kama uchafu unaooza ni kilo 40 kwa mita ya ujazo, unahitaji kilo 2 za naitrojeni, sawa na kilo 4.3 za urea, na gramu 400 za fosforasi. Toa kiasi ambacho tayari kimo majini, lakini usikitegemee sana, kwa sababu sehemu yake imefungwa kwenye protini zilizoshikana na fenoli. Watafiti wa Ugiriki walipitia njia nyingine miaka ya 1990: walitumia Azotobacter vinelandii, bakteria anayevuta naitrojeni kutoka hewani na kuweza kula baadhi ya fenoli. Maji hupandishwa pH kwa chokaa hadi 7 au 8, hupulizwa hewa siku kadhaa kwa mafungu, na kinachotoka ni kimiminika kizito cha kurutubisha udongo. Hapa bakteria wa kupandikiza ana maana, kwa sababu ana uwezo ambao wengine hawana na mtambo umeandaliwa kumpendelea. Hata hivyo kuvuta naitrojeni hewani hula nguvu nyingi ya bakteria, na hewa yenyewe haipatikani bure.

Hapo kwenye hewa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Tuseme COD ni kilo 60 kwa mita ya ujazo na tunaondoa asilimia 70, yaani kilo 42. Kwa njia ya hewa, kama sehemu 6 kwa 10 zitaunguzwa kwa oksijeni: kilo 25. Kipuliza hewa kizuri kikiingiza kilo 1.5 kwa kila uniti ya umeme, ni uniti 17 kwa kila mita ya ujazo, na unabaki na kilo 12 hivi za tope kavu la bakteria, ambalo nalo linatafutiwa pa kwenda. Juu ya hayo kuna povu. Maji ya zeituni yakipulizwa hutoa povu la kahawia linalopanda zaidi ya mita moja na kumwagika ukutani likiwa limebeba tope lako zuri. Tangi bila nafasi ya mita moja na nusu juu ya maji litakusumbua msimu mzima.

Bila hewa, kilo hizohizo 42 hutoa takriban mita 14.7 za ujazo za methani, kwa kuwa kila kilo 1 ya COD iliyoondolewa hutoa mita 0.35. Hiyo ni kama uniti 145 za joto. Kupasha mita moja ya maji kutoka nyuzi 15 hadi 37 kunahitaji uniti 26 hivi, kwa hiyo hata ukihesabu joto linalopotea, unabaki na akiba. Tope ni sehemu ndogo ya lile la njia ya hewa, na mahitaji ya naitrojeni ni pungufu sana. Kwa uchafu mzito namna hii, kuanza na hewa ni kununua umeme ili kuchoma nishati yako mwenyewe. Anayekushauri hivyo aonyeshe hesabu yake.

Lakini mtambo wa methani hausamehe. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza sukari kuwa asidi kwa saa chache. Kundi la mwisho, la watengeneza methani, hukua polepole kwa siku kadhaa. (Hao wa mwisho wanasayansi huwaweka kwenye kundi la arkea, si bakteria, ingawa mtamboni wote huitwa bakteria tu.) Kundi la kwanza likilimbikiza asidi kuliko la mwisho linavyoweza kula, tangi linachacha na kila kitu kinasimama. Fenoli na mafuta huwaumiza hao wa mwisho zaidi. Asidi ya oleiki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya zeituni, huwafunika na kulifanya tope lielee. Kwenye mitambo inayotegemea chembe za tope kuzama, unaweza kupoteza idadi kubwa ya vijidudu kwa siku moja, wakatoka na maji mlangoni.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya tangi. Pitisha maji kwenye chujio la milimita 1 kutoa vipande vya maganda na kokwa. Yaache yatulie siku nzima, engua mafuta juu, toa tope chini. Anayeruka hatua hii kwa kuona mafuta ni methani nyingi yuko sahihi kwenye karatasi tu. Kisha shughulikia uchachu. Chokaa ni rahisi, na kalisi yake hushika asidi za mafuta na sehemu ya fenoli zikatuama, lakini ikizidi huganda ndani ya mabomba. Magadi soda hayagandi, ila sodiamu yake itafika shambani. Mahali penye mifugo, dawa bora kuliko zote ni samadi mbichi ya ng'ombe: ina alkali, ina naitrojeni, ina vijidudu, na inazimua fenoli bila kuongeza maji ya bomba. Anza na sehemu 1 ya maji ya zeituni kwa 4 za samadi, ukipandisha taratibu.

Mbegu ya kuanzia itoke kwenye mtambo unaofanya kazi, wa samadi au wa majitaka ya mji, na ijaze angalau robo ya tangi. Siyo chupa, ni malori ya tope. Lisha nusu kilo ya COD kwa kila mita ya ujazo ya tangi kwa siku, na pandisha kwa robo kila wiki ikiwa tu vipimo vinaruhusu, hadi kufika kilo 3 hivi. Jumla ni miezi miwili na zaidi. Ukianza Novemba, msimu utakuwa umekaribia kuisha mtambo ukiwa ndio kwanza unachangamka.

Kipimo chenyewe ni uwiano wa asidi tete kwa alkali, ambao fundi anaweza kuupata kwa kudondoshea sampuli asidi (titresheni) kwenye meza ya ofisini. Chini ya 0.3 lisha, ukikaribia 0.4 simama ulipo, ukipita 0.5 punguza chakula siku hiyohiyo. Wengi huangalia pH pekee, na hapo ndipo wanapoumia. Alkali ya tangi humeza asidi kimyakimya, hivyo mita itaendelea kuonyesha 7.2, halafu 7.1, wakati uwiano umeshatoka 0.25 hadi 0.6 na methani kwenye gesi imeshuka kutoka asilimia 65 hadi 55. Siku pH inapoporomoka, tatizo lina wiki nzima. Cha kufanya ni kukata chakula, kuendelea kupasha na kukoroga, na kuongeza magadi soda kidogokidogo. Usikimbilie kumwaga chokaa nyingi kwa mkupuo: itanyonya kaboni dioksidi kutoka kwenye gesi ya juu, shinikizo litashuka chini ya la hewa ya nje, na paa la tangi linaweza kubonyea au kuvuta hewa ndani, jambo ambalo mbele ya methani hakuna anayelitaka.

Kuna jambo ambalo makaratasi ya mauzo huliruka, nalo ni msimu. Chukua kinu cha tani 30 kwa siku kwa siku 100. Kinatoa mita 30 za maji kila siku, kilo 1,800 za COD. Kwa mzigo wa kilo 3, unahitaji tangi la mita za ujazo 600, na baada ya Februari litakaa na njaa. Sasa hifadhi zile mita 3,000 na uzilishe polepole kwa siku 330: mita 9 kwa siku, kilo 545, tangi la mita 180 tu. Bei ya mtambo inashuka, vijidudu wanakula mwaka mzima, na hakuna kuanza upya kila vuli. Gharama ni hifadhi yenyewe, ambayo lazima ifunikwe kwa sababu ya harufu na mvua, na ambamo sehemu ya sukari itachacha kabla ya kufika tangini. Hata ukijumlisha hayo, kwa maoni yetu hifadhi ndiyo kifaa muhimu kuliko tangi. Asiyeweza kuijenga na ajenge tangi kubwa kidogo, alilishe samadi kiangazi ili vijidudu waishi, na kila Oktoba aanze tena na nusu kilo. Watengeneza methani huvumilia miezi ya njaa. Wasichovumilia ni karamu ya ghafla.

Baada ya yote hayo, maji yaliyotoka yana COD ya gramu 18 kwa lita. Bado ni mara thelathini na zaidi ya majitaka ya majumbani. Kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa mitambo ya majitaka ya miji, kilichowekwa 1991, ni miligramu 125. Kutoka 60,000 hadi 125 ni kuondoa asilimia 99.8, na hakuna bakteria wa kufika huko peke yake, kwa sababu kinachobaki mwishoni ni zile molekuli kubwa nyeusi. Bakteria hula fenoli ndogo vizuri; kuvunja zile kubwa ni kazi ambayo kuvu wa kuozesha mbao, wenye kimeng'enya cha lakesi, huiweza zaidi. Rangi kwa hiyo si kipimo cha mafanikio. Maji huweza kutoka meusi kuliko yalivyoingia, kwa kuwa chokaa na hewa huunganisha fenoli ndogo kuwa kubwa, na hapohapo fenoli zinazopimika zikaonekana zimeshuka bila kuliwa na yeyote. Kipimo cha fenoli bila COD kando yake hakithibitishi lolote.

Potasiamu nayo haiendi popote. Gramu kadhaa kwa lita zinaingia, gramu hizohizo zinatoka. Kwa mto ni uchafu, kwa shamba ni mbolea, na hiyo ndiyo sababu ya kusema wazi kwamba kwa vinu vidogo mtambo bora wa bakteria ni udongo. Italia iliruhusu kwa sheria namba 574 ya 1996: hadi mita 50 za ujazo kwa hekta kwa mwaka kwa maji ya vinu vya kushindilia, na 80 kwa maji ya dikanta. Tunisia nayo imeweka 50. Mita 50 kwa hekta ni kimo cha milimita 5 tu, lakini zikiwa na gramu 5 za potasiamu kwa lita, zinaweka kilo 250 kwa hekta. Bakteria wa udongo wana hewa, wana madini ya kuzuia uchachu, wana naitrojeni. Hiyo naitrojeni watainyang'anya mimea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usimwage karibu na kupanda mbegu, wala kwenye udongo uliolowa, mteremko mkali au juu ya maji ya chini yaliyo karibu. Kwa kiwango cha mita 50, kile kinu cha mita 3,000 kinahitaji hekta 60. Mwenye nazo, au mwenye majirani wenye nazo, ana jibu tayari. Mtambo wa gesi ataujenga kwa sababu ya nishati, si kwa kulazimika.

Mfumo wa awamu mbili, ulioenea Hispania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupunguza majitaka hadi kama lita 200 kwa tani, hasa maji ya kuoshea. Uchafu haujatoweka, umehamia kwenye mashudu yenye maji asilimia 60 hivi, ambayo bakteria wake watahitaji majani makavu, samadi na kupinduliwa kwa miezi mingi ili yawe mboji. Zeituni za mezani ni habari nyingine kabisa: maji yake ya magadi makali na chumvi hayafai kuchanganywa na ya kinu, kwa kuwa chumvi hudumaza tope la bakteria kisha huharibu shamba, na kuyatenga mifereji tangu ndani ya kiwanda ni rahisi kuliko lolote utakalojaribu kuyafanyia yakishakutana.